Mama Filimbi, Aliyekwenda Kila Alipoitwa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani mliofika kwa miguu na ninyi mliotoka mbali mkaacha magari ng'ambo ya mto kwa sababu ya tope, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mkae, na aliyekosa kiti ajibanze kwa mwenzake, kwa kuwa maisha ya mama huyu hayasomeki kwa haraka, na msomaji wenu, ambaye ni mdogo wa mume wa marehemu, ameonywa na watoto asilete mizaha yake ya kila siku, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti mwaka 1959, mtoto wa tatu kwa wazazi wake, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mbao, nyumba ya mwisho kabla ya lundo la maranda, ambako baba yake alikuwa mnoaji wa misumeno na mama yake alikuwa mshonaji, na waliomjua udogoni wanasema alikuwa mtoto mkimya mwenye masikio makali, aliyeweza kukaa kizingitini akimenya njegere na kusema ni msumeno upi umeanza kuwa butu, kwa kusikia tu sauti yake ikipanda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967, ng'ambo ya barabara ya kiwanda, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, ambapo alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba, jambo hili la pili hakulikubali hata siku moja, na sisi tuliokaa naye ndani ya nyumba tumelivumilia kwa miaka mingi.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika stoo ya kiwanda kile kile, kazi yake ikiwa ni kutoa glavu, mafuta ya mashine na mikanda, na hapo ndipo lilipomkuta jambo lililompa njia ya maisha yake, kwani siku moja mpanga magogo alibanwa mkono kwenye mashine, watu wakakimbia kila upande isipokuwa upande wa yule aliyeumia, huyu kumwita meneja, yule kutafuta gari, mwingine kutapika nyuma ya magogo, na marehemu akabaki amesimama dirishani pa stoo na glavu mkononi, mpaka mtu yule aliyelala chini alipomwona na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, njoo basi ukae na mimi, mwenzio naogopa." Alikwenda, akakaa naye, akamshika bega mpaka gari lilipokuja, ingawa hakujua la kufanya zaidi ya hapo, na mtu yule alipona akarudi kazini na vidole pungufu, lakini marehemu hakurudi kuwa yule wa jana, aliomba apelekwe kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyotolewa mjini na muuguzi mmoja mkali, akarudi na cheti, kitabu chenye picha, na filimbi ya bati iliyofungwa kwa uzi mweupe.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na kaka yetu, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa trekta la kuvuta magogo, na ambaye alikuwa akipoteza glavu zake kila wiki ili apate sababu ya kwenda dirishani pa stoo, akahamia hapa nyumbani mnapopaona, chini ya msitu, kati ya mito miwili ambayo mvua ikinyesha huungana na kutufungia kama kuku ndani ya tenga, barabara ya lami ikiwa mbali na hospitali mbali zaidi. Jambo la kwanza alilouliza alipofikishwa na mizigo yake, kabla hajaonyeshwa chumba, lilikuwa, "Mtu akiumia hapa, mnafanyaje?" na mama yetu mzazi, ambaye sasa naye ni marehemu, akamjibu, "Mwanangu, hapa mtu akiumia anavumilia."

Hakulikubali jibu hilo, lakini alikuwa mgeni na alijua kusubiri, na nafasi yake ilikuja pale mama alipojimwagia maziwa yaliyokuwa yakichemka, jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno ya kumpaka, mwingine na unga, na yeye akawaondoa wote jikoni kwa upole, akamvua mama bangili kabla mkono haujavimba, akaushika mkono ule na kuumwagia maji baridi, mtungi baada ya mtungi, kwa muda mrefu mpaka mama akachoka kulia akaanza kuteta, "Mwanangu, unanimwagilia kama mche wa nyanya, kesho si nitaota majani?" kisha akaufunika kwa kitambaa safi bila kukaza, wakampeleka zahanati, na mkono ule ulipona vizuri mno, hata mama akawa anauonyesha kwa wageni bila kuombwa.

Kuanzia hapo alipewa uwanja, na katika miaka michache aliitengeneza nyumba hii upya bila kujenga hata ukuta mmoja, akaning'iniza nyuma ya mlango wa jikoni begi la turubai lenye bandeji, mkasi, glavu, sabuni, tochi, shuka safi na pakiti za chumvi ya kuchanganya kwa anayeharisha, akashona machela kwa magunia na miti miwili, akakubaliana na jirani yetu mwenye gari kwamba tangi lake lisikauke kabisa msimu wa mvua, na kila mtu wa nyumba hii, mkubwa kwa mdogo, akavalishwa filimbi shingoni, mbinja tatu ndefu zikiwa na maana moja tu, kwamba nimeumia, njoo. Kila mwezi, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, tulifanya mazoezi, mmoja wetu akijificha shambani na kupiga filimbi, wengine wakimtafuta, wakimtibu na kumbeba hadi uani, na majirani waliokuwa wakipita njiani walisimama kututazama na kucheka kwamba watu wazima hawa wanacheza hospitali, wakamwita Mama Filimbi kwa kejeli, na yeye akalichukua jina hilo akalivaa.

Mungu alimjalia watoto wawili wa kike, wa kwanza mwaka 1985, ambaye leo ni mwalimu, na wa pili mwaka 1989, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na wote wawili wako hapa mbele.

Sasa familia ilijadiliana kwa muda mrefu kama sehemu inayofuata isomwe au isisomwe, na mzee, mume wa marehemu, ndiye aliyekata shauri kwamba isomwe kama ilivyokuwa, kwa sababu maneno ya pembeni yamekuwa mengi, na ni afadhali mlisikie jambo hili kwetu.

Ilikuwa Jumamosi ya mazoezi, mwaka 1994, siku ya ukungu uliokuwa haupandi wala haushuki, na zamu ya kuwa mgonjwa ilikuwa ya msomaji huyu, ambaye alipaswa kujilaza kule bondeni, kwenye majani marefu tunayokatia ng'ombe, akiwa amejipaka rangi nyekundu pajani kana kwamba amejikata na panga. Mbinja tatu zililia kutoka bondeni, ndefu, za mtu aliyechoka, marehemu akachukua begi, akatangulia peke yake kwa kuwa wengine walikuwa bado wanaitafuta machela, akapita kwenye majani yaliyomzidi urefu, na akamkuta mtu amelala kifudifudi, koti zito limemfunika kichwa, paja limelowa.

Alipiga magoti akaita kama alivyotufundisha kuita, "Unanisikia?" na mtu yule akajibu kwa sauti ya chini kwamba anasikia, naye akacheka moyoni, akimsifu shemeji yake kwamba leo kwa mara ya kwanza amejitayarisha vizuri, akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, asiyapate, akadhani ni vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi, akakandamiza jeraha, akalifunga bandeji nyeupe pana, akakaza fundo, na wakati wote huo mtu yule alikuwa akisema, taratibu, bila kulalamika, "Umekuja. Nimepiga sana. Nilijua hakuna anayekuja, lakini wewe umekuja." Marehemu akamwambia, "Usisogee, nakwenda kuita machela, narudi sasa hivi," na mtu yule akasema, "Nenda, nimeshazoea kungoja," na ni neno hilo, alitueleza baadaye, lililomfanya ageuke mara mbili akiwa anapanda kuja nyumbani.

Kwenye kona ya zizi alikutana na shemeji yake, ambaye alikuwa na mikono miwili imelowa damu ya ng'ombe, kwa maana jike letu jeusi lilikuwa limeanza kuzaa vibaya tangu asubuhi, akamwambia, "Shemeji, nisamehe, ndama alitanguliza miguu ya nyuma, hata sijashuka, nianze sasa?" na marehemu akamtazama mikono, akamtazama paja, kavu, akamtazama shingoni ambako filimbi haikuwepo, kwa kuwa alikuwa ameivua asije akaichafua, na akakaa chini pale pale kwenye samadi.

Tulishuka wote na machela, majani yalikuwa yamelala kwa umbo la mtu, bandeji haikuwepo, damu haikuwepo, na mbwa wetu, ambaye alikuwa haogopi hata fisi, aliishia kwenye ukingo wa majani akakojoa alipokuwa amesimama.

Mama yetu alituita jikoni tulipopanda, akafunga mlango, akasema kwamba baba alipolinunua eneo hili lilikuwa pori tupu, akaleta wakataji wa kulifyeka, watu wasiojulikana kwao, na walipomaliza kazi walipungua mmoja, wenzake wakasema huyo amerudi kwao, kila mtu akaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini, mpaka walipokuja kulima bonde miaka iliyofuata jembe likatoa mifupa na panga lililooza, na baba akaizika pale pale bila kuwa na jina la kuandika. "Sisi hatukumjua," mama akasema, "na hakuna aliyekuja kumuulizia." Kaka yetu akapiga meza kwa kiganja, akasema kuanzia siku ile hakuna mtu wa nyumba hii kushuka bondeni, ng'ombe watakula majani ya kununua, na mazoezi yamekwisha.

Kwa miezi mingi ilikuwa hivyo, majani ya bondeni yakakua mpaka yakaanguka yenyewe, na jioni za ukungu tulisikia, tena wengi wenu mlisikia, mbinja tatu ndefu zikitoka kule chini, zikikoma, zikianza tena, nasi tulifunga madirisha tukaongeza sauti ya redio. Marehemu hakuongeza sauti ya redio, alikuwa akikaa jikoni na mikono mapajani, amepauka, na alimwambia msomaji huyu siku moja walipokuwa wakikamua, "Shemeji, mimi simwogopi, ninachoogopa ni kwamba nilimwambia narudi sasa hivi."

Mwezi Aprili mwaka 1996, mvua ikiwa imeachia mchana na kila kitu kikidondoka maji, mbinja zililia tena kutoka bondeni, safari hii za haraka haraka, bila kupumzika, na marehemu akanyanyuka, akachukua begi nyuma ya mlango, kaka yetu akasimama mbele yake akasema, "Mke wangu, kaa. Hiyo si filimbi ya mtu," naye akamjibu, "Huenda si ya mtu. Lakini imeita." Kaka akasema, "Na ukishuka usiporudi, watoto hawa niwalee vipi?" naye akasema maneno ambayo yameandikwa sasa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango ule wa jikoni, mtayaona mkipita kunawa, "Filimbi ikilia, mtu anakwenda, hatuulizi ni ya nani," akampita ubavuni, akateremka mbio, na inafaa ijulikane kwamba wakati huo alidhani anakwenda kwa yule yule, hakuwa na habari nyingine yoyote, kwa maana sote tulijua kwamba watoto wamelala chumbani kwa bibi yao.

Alimkuta binti yake mdogo, mwenye miaka saba, ambaye alikuwa ametoroka kufuata ndama aliyekatika kamba, ameketi katikati ya majani yale, wima, kimya, mguu mmoja ameunyoosha mbele, na juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na matundu mawili, na uvimbe ulikuwa umeanza kupanda.

Marehemu hakupiga kelele wala hakufyonza jeraha, hakuchanja, hakufunga kamba ya kuzuia damu kama tulivyokuwa tukifanya zamani, alimvua mtoto kiatu na ushanga wa mguuni, akamwambia kwamba mguu huu sasa ni wa nyumba nzima, usiutikise, akaufunga kwenye ubao mfupi aliokuwa nao begini ili usichezecheze, akapiga mbinja zake, na sisi ambao tulikuwa tumesimama uani kama magogo tukajikuta tunateremka na machela, kaka yetu mbele, analia kwa sauti, akitembea juu ya majani ambayo aliapa hatayakanyaga. Jirani mwenye gari aliwasha kabla hatujafika kwake, kwa kuwa naye alisikia, tukavuka mto maji yakigusa milango, hospitali ikawa imeshapigiwa simu kutoka dukani, na daktari aliyempokea mtoto alisema kwamba kilichomwokoa, kabla ya dawa yake, ni kwamba hakukimbia, kwa maana mtoto wa umri ule akiumwa na nyoka lazima akimbie, na akikimbia sumu nayo inakimbia.

Mtoto alipopata nguvu, marehemu alimuuliza, tena mbele ya baba yake, kwa nini hakukimbia, na binti akasema, "Yule mjomba aliniambia nisikimbie, akasema nikae, mama yangu ni mtu wa kuja." Wakamuuliza mjomba gani, akasema yule mwenye koti, aliyekaa karibu naye na kupiga filimbi kwa niaba yake, kwa sababu filimbi ya mtoto mwenyewe ilikuwa imekatika uzi ikazama mtoni tangu juzi na aliogopa kusema, na wakamuuliza mjomba huyo yukoje, akafikiri kidogo, akasema, "Ni mpole. Amefungwa bandeji hapa," akajigusa paja, "imechafuka, mama, umbadilishie."

Mazoezi ya Jumamosi yalirudi mwezi uliofuata kwa neno la kaka yetu mwenyewe, na bonde likaanza kukatwa majani tena.

Marehemu aliishi hapa miaka mingi baada ya hapo, akafundisha kijiji kizima, wake kwa waume, akiwakusanya uani na kuwalaza wazee wazima mavumbini ili vijana wajifunze kuwageuza, na wapo hapa leo walio hai kwa ajili yake, yupo fundi aliyeanguka kutoka kwenye paa la shule, ambaye wenzake walitaka kumkalisha apewe maji, marehemu akakishika kichwa chake kisicheze mpaka machela ilipokuja, na yupo mama aliyekunywa dawa ya kuua wadudu kwa kudhani ni maji, ambaye marehemu alikataa kata kata atapishwe, akamkimbiza hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aisome. Na kila mbinja zilipolia kutoka bondeni jioni za ukungu, alikwenda, begi begani, bila kuita mtu, mara nyingi akirudi na umande kwenye nguo na kusema, huku akinawa mikono, "Hakuna mtu. Lakini nimefika," na mara nyingine akirudi bila kusema kitu, na sisi tulijifunza kutomuuliza siku hizo, ingawa ni kweli kwamba bandeji ndani ya begi zilikuwa zikipungua bila ajali.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2012, akatumia dawa zake kwa uaminifu, akawa anawafokea wengine wasiotumia, na afya yake iliendelea vizuri mpaka asubuhi ya tarehe 3 Juni mwaka 2021, aliposhuka peke yake kukata majani, na msomaji wenu, aliyekuwa zizini anaosha ndoo, akasikia mbinja tatu, akaacha ndoo ikabiringika, akateremka.

Alimkuta amelala ubavu wa kushoto, goti la juu limekunjwa, kiganja kimewekwa chini ya shavu, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo ili apumue, kinywa kimefutwa, kilemba kimefunguliwa na kukunjwa vizuri pembeni, kama picha iliyomo kwenye kile kitabu chake, na filimbi yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni, mfuko umefungwa kifungo. Alikuwa hai, lakini upande mmoja wa mwili haukuwepo tena, na daktari, alipoelezwa jinsi alivyokutwa, aliuliza, "Nani alimlaza hivyo? Amefanya kazi nzuri, alikuwa ametapika, angebaki chali tusingekuwa tunazungumza," kisha akasema kwamba haiwezekani awe amejigeuza mwenyewe, mwenye kiharusi kikubwa kama kile hawezi hata kukunja kidole, akaandika kitu kwenye faili lake, akaendelea na mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo tulipata wiki moja na siku chache ambazo hazikuwa zetu, alizitumia kuagana na watu wake, alimwambia binti yake mwalimu apunguze hasira, alimwambia mume wake wapi alipoficha soksi nzima, alimuimbia mjukuu wake wimbo mzima, vibaya, na wodi yote ikavumilia, na binti mdogo alipomwinamia akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni yeye aliyekulaza?" marehemu alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki, akasema polepole, neno moja moja, "Ana haya. Mkimwona, msimkazie macho."

Alifariki dunia tarehe 12 Juni, saa ya chai ya asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mume wake.

Siku iliyofuata mzee alivaa koti lake la heshima, akateremka bondeni peke yake mchana kweupe, sisi tukimwangalia kutoka zizini, akavua kofia, akasimama mbele ya majani kwa muda, midomo ikicheza, na alipopanda, mdogo wake alimuuliza alikuwa anasema nini, akajibu, "Nimemshukuru. Nimemwomba radhi kwa miaka ile. Nimemwambia mwenye begi amefariki," na alipoulizwa kama alijibiwa, mzee alivaa kofia yake akasema kwamba hakuna aliyejibu, ila majani yaliinama, na upepo haukuwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea bila kutuuliza tulitokea wapi na tope lile, inamshukuru jirani yetu mwenye gari, na mwanawe aliyerithi usukani pamoja na desturi ya kutokausha tangi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda cha mbao waliokuja na hili jeneza walilolipiga randa kwa mikono yao, na inawashukuru wote aliowafundisha, ambao tangu jana mmekuwa mkigombania kubeba. Inamshukuru pia aliyekuwa naye asubuhi ile kwenye majani, ambaye jina lake hatujui wala kwao hatujui, na tumekubaliana kama ukoo kwamba kuanzia leo anahesabiwa kuwa wa nyumba hii, kaburi lake litasafishwa likisafishwa la mama, na hatapungua tena kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Begi amelichukua binti mdogo, amelijaza upya, na usiku wa kuamkia leo amelala nalo karibu na mlango.

Mama, umechoka, umekwenda sana, sasa lala, wa kwenda tupo.